Nani Kamuoza Mwana Yakuti?

Umeme umekatika, wasomaji wangu, na wiki iliyopita tulimwacha Shemsa vidole viko juu ya kibodi na kioo kimekuwa cheusi mbele yake.

Jenereta la Abdulhakim liliguruma uani, likakohoa, likazima, likaguruma tena. Kompyuta za kafe zikaanza kuamka mojamoja, kwa uvivu, kama watumishi wa serikali siku ya Jumatatu.

Shemsa akavuta kiti. Akaandika jina lake na neno lake la siri. Akasoma.

"Mwana Yakuti kaulizwa mara ya kwanza, kanyamaza. Kaulizwa mara ya pili, kanyamaza. Kunyamaza kwa mwanamke ni ridhaa. Ndoa yake na Amiri Radi imepita. Milango ya Mji wa Ambari na ifunguliwe."

Chini yake saini: Msimamizi.

"Lahaula!" Kulthum, binti wa ami yake, alikuwa kashasoma kwa juu ya bega. "Wamekuoza! Umeme umekatika, wao wamekuoza!"

Kwa yule aliyepata gazeti hili leo limefungiwa maandazi, na macho yakamwangukia hapa, nitasema kwa ufupi. Mji wa Ambari haupo Unguja wala popote. Ni mchezo wa kwenye mtandao. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, anaandika mtu huyo kasema nini na kafanya nini, na wenzake wa Maskati na London wanamjibu. Shemsa ndiye Mwana Yakuti, mwenye mji.

Msimamizi ni Talal. Kijana wa Shangani, alisoma kompyuta Maskati, akarudi na ndevu za mstari mwembamba na imani kwamba ana kipaji. Kila likikaribia tukio kubwa, Talal huandika kwa herufi kubwa: NYINYI NDIO MNAOIANDIKA HADITHI HII. Na watu wazima, wana kazi zao na watoto wao, wanamwamini.

Amiri Radi ni Zahran. Na Zahran ni mtalaka wa Shemsa. Kamwacha karibu miezi mitatu sasa, talaka moja, kwa sababu Mwana Yakuti alilizamisha jeshi la Amiri Radi matopeni. Jeshi la maneno, katika matope ya maneno. Mwanamume ana duka lake la vipuri Darajani, ana heshima yake msikitini, kaacha mke kwa hilo.

Siku ya ndoa yake ya kweli Shemsa aliulizwa, akanyamaza kama wari wanavyonyamaza, na kunyamaza kule kukampeleka nyumbani kwa Zahran. Ni kwenye Mji wa Ambari peke yake alikojua kusema neno na jambo likawa. Akiandika mlango umefungwa, umefungwa. Sasa milango ile inafunguliwa kwa Zahran, na kanuni ya mchezo inasema atakayeutwaa mji ndiye atakayewaamulia waliomo waseme nini na wasiseme nini.

Hicho ndicho alichokuwa anakipoteza. Ukikiona kidogo, basi wewe una bahati.

Kulthum alilishika pazia la maua linalotenga upande wa wanawake na wa wanaume, akalivuta mpaka pete zikalia.

"Talal! We Talal!"

"Naam," Talal aliitika kutoka kwenye meza yake ya nyuma. Sauti ya mtu aliyekuwa anangoja kuitwa.

"Umeme umekatika, wewe umeuliza mara mbili. Ulikuwa unategemea nani akujibu? Ukuta?"

"Bi Kulthum, mchezo hauna umeme. Mchezo una kanuni. Mchezaji asipojibu, kanyamaza."

"Na wewe uliandika kwa umeme upi?"

Hapo Talal akafanya kosa. Alitazama chini ya meza.

Kulthum naye akatazama. Kulikuwa na betri ya akiba, ina kitaa cha kijani, na nyaya mbili zinatoka. Mmoja umepanda kwenye kompyuta ya Talal. Wa pili umepita chini ya mkeka, umezunguka mguu wa kabati, umekwenda kuibukia pembeni kabisa, kwenye kompyuta ya Zahran.

"Aaa!" Kulthum akapiga kofi. "Kumbe kadhi na bwana harusi wanakula umeme wa sahani moja!"

Vijana waliojazana kafe wakacheka. Zahran hakucheka. Aligeuza kiti chake polepole, kama alivyoona wakubwa wanageuza.

"Mwambie binti wa ami yako aanze kujipamba. Askari wangu wanaingia mjini."

"Askari wako wana miguu?"

"Subiri uone."

Askari wenyewe walikuwa papo hapo, wamekaa safu nzima. Wengine wametoka Mkokotoni, wengine Matemwe, wamekuja mjini kushuhudia harusi ya watu wasiokuwepo. Wanaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje: "Tunaingia kwa kishindo." Kishindo chenyewe ni tik, tik, tik. Halafu mmoja anamuuliza mwenzake kishindo kinaandikwaje.

Shemsa alikuwa anawatazama. Ana tabia hiyo: humwacha mtu amalize upumbavu wake wote kwanza, asije akamkatia njiani.

Walipokwisha kuingia kwa kishindo, akaandika: "Msimamizi, nina suali."

"Uliza."

"Mwana Yakuti ni mwari au ni mjane?"

Talal aliacha kutafuna bazoka yake. Akaandika: "Suali hilo halihusiani na tukio."

Lakini suali lilikuwa limeshafika kwa watu, na watu wakaanza kuamka.

"Linahusiana!" Huyo alikuwa Mwanakheir wa London. "Mwana Yakuti alikuwa na mume, Mwinyi Kafuri. Kafa. Mimi nimelia kazini mpaka bosi wangu kaniuliza nimefiwa na nani, nikakosa la kumwambia."

"Mie nusura nisomeshe hitma," akaandika Arwa wa Maskati. "Mume wangu kanizuia."

"Na nani aliyemuua Mwinyi Kafuri?" akauliza Shemsa kwenye kioo, na hapohapo akajijibu mwenyewe kwa sauti juu ya pazia, taratibu. "Wewe, Talal. Ulimwangushia ukuta. Wiki ile wachezaji walikuwa wamepungua, ukataka watu walie."

"Ilikuwa lazima kwa hadithi," alisema Talal.

"Ilikuwa lazima, na imekwisha kuwa. Mimi ni mjane. Kunyamaza ni ridhaa ya mwari. Mjane hutamka."

Talal alifungua mdomo. Zahran akamtangulia. "Hayo mambo ya chuoni, ya Kurani, usituletee hapa. Huu ni mchezo!"

"Basi mbona ridhaa ya kunyamaza mmeitoa chuoni?" Kulthum alimrukia. "Mnachukua nusu, nusu mnaiacha? Muulizeni Bwana Abdulhakim!"

Abdulhakim ndiye mwenye kafe. Alisoma chuoni kiasi cha watu kumuuliza, na siku zote hukubaliana na aliyesema mwisho. Alikuwa ametoka kusali alasiri, kashika galoni la petroli, kanzu imeshaingia mafuta. Wakamweleza. Akatikisa kichwa kwa uzito mkubwa, maana si kila siku mtu humwita awe sheikh.

"Kasema kweli. Mjane hakuna kunyamaza. Mjane atamke kwa ulimi wake. Ndoa hiyo haikupita."

"Ami Abdulhakim, mimi ndiye msimamizi," alisema Talal.

"Simamia. Lakini haikupita."

Wachezaji wa London walikuwa wanaandika vigelegele, mstari mzima wa lilililili, mpaka kioo kikajaa. Talal alitazama kioo, akamtazama Zahran, akafuta alichokiandika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemeza dawa mbele ya wageni.

"Ndoa imesimamishwa," akaandika. "Mwana Yakuti ataulizwa tena na atatamka."

Zahran aliinuka, akaenda kumnong'oneza Talal, akarudi kukaa. Halafu Amiri Radi akaandika:

"Mwana Yakuti, nakuposa mbele ya watu wote. Jeshi langu limeshafika uwanjani kwako. Fikiri kabla ya kutamka."

Posa gani hiyo, jamani? Mwanamume anaposa kashika panga, halafu atakwenda kuwaambia wenzake barazani kwamba alipendwa.

"Sema hutaki," Kulthum alinong'ona. "Andika hutaki, mambo yeshe."

"Nikisema sitaki atawaambia waupige mji. Askari wameshakuwa ndani. Talal ataandika umeanguka." Shemsa alikuwa anakitazama kioo. "Mwisho anao Talal, Kulthum. Tuseme tusemavyo, mwisho anao yeye."

"Sasa?"

Shemsa akaandika: "Mjane hutaja mahari yake mwenyewe."

Zahran akacheka kwa sauti. Alipenda. "Taja!"

"Kalamu ya Msimamizi. Ile inayoandika kilichotokea baada ya sisi sote kusema. Nikabidhiwe sasa hivi mbele ya watu, ndipo nitatamka."



Zahran alisoma mara mbili. Kisha akamgeukia Talal. "Mpe."

"Nimpe nini?"

"Kalamu. Si neno la siri tu hilo? Mpe, ndoa ipite. Mimi mume, ntamwambia cha kuandika."

"Umerukwa na akili wewe? Mchezo wangu huu! Nimeujenga mimi, peke yangu!"

"Mpe, nakwambia."

"Simpi! Kwanza wewe nani wa kuniamrisha? Bila ya mimi Amiri Radi ni muuza breki tu!"

Zahran akaruka kutoka kwenye kiti. "Uliniahidi mji, Talal! Kabla hata ya kulitangaza hilo tukio lako uliniahidi! Ulisema wao waandike wanavyotaka, mwisho ni wangu!"

Aliyasema kwa sauti ya kuitia watu sokoni.

Wapumbavu wawili wana siri moja, na aliyeitoa ni yule mwenye faida nayo. Msinicheke nikisema sikushangaa.

Nyuma ya pazia vidole vya Kulthum vilikuwa vinakimbia. Alikuwa anaandika kila neno, kama lilivyotoka, na jina la aliyelisema. London inasoma. Maskati inasoma.

Wa kwanza kutoa mkono kwenye kibodi alikuwa Mcha, askari wa Amiri Radi, kijana wa Matemwe mwenye mabega kama mlango.

"Ati nini?" alisema Mcha. "Mwisho ulikuwa umeshapangwa?"

"Mcha, wewe andika," alisema Zahran.

"Niandike nini? Mimi nimemwacha mama yangu na mwani wake wote unangoja kuanikwa, nimekuja mjini kwa sababu huyu Talal kasema kila mmoja wetu ana neno. Mkubwa wangu wewe, Zahran, shikamoo yako nakupa kila siku. Lakini umenifanya mimi mjinga."

"Hukuhitaji kufanywa," alisema Kulthum.

Mcha aliinamia kibodi, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: "Mcha askari wa Amiri Radi anatoka mjini. Anafunga mlango wa kaskazini nyuma yake."

Halafu: "Arwa anafunga mlango wa forodha."

"Mwanakheir kaufunga mlango wa soko na kauwekea gogo."

Askari wa Mkokotoni wakatazamana. Robo saa iliyopita walikuwa tayari kuuchoma mji na wenyewe. Sasa wote wakawa walinzi wake. Wakaandika wanatoka, wakaandika wanafunga, wengine wakafunga milango ambayo mji haukuwahi kuwa nayo.

Talal akaanza kufuta. Akifuta mmoja, wanakuja watano. Akafuta huku jasho likimtiririka mpaka kwenye ule mstari wa ndevu. Mwanakheir akamwandikia kutoka London: "Futa, baba. Sisi huku ndiyo kwanza mchana."

Mwishoni mikono ikamchoka. Akaandika, bila herufi kubwa safari hii: "Milango ya Mji wa Ambari imefungwa. Amiri Radi yuko nje. Hakuna ndoa."

Kulthum alipiga kigelegele cha kweli, watalii waliokuwa wanapita nje wakasimama wakidhani kuna harusi. Shemsa alifunika uso kwa mtandio. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na Kulthum alipomfunua alikuta anacheka.

"Umeshinda, mwanamke!"

"Tumeshinda," alisema Shemsa. "Hawa askari nao, Mungu awasamehe."

Natamani ningeishia hapa. Nyinyi nanyi mngetamani. Lakini Zahran alikuwa hajatoka kafe.

Alikuwa amesimama katikati ya vile viti, na watu wanamkwepa macho, na hapo ndipo alipotabasamu. Mwanamume wa namna ile akifungiwa mlango wa uongo hutafuta mlango wa kweli wa kuuvunja.

Alikuja mpaka kwenye pazia. Hakulifungua.

"Abdulhakim, sogea hapa. Na wewe Mcha, sogea. Nataka msikie kwa masikio yenu wote wawili." Akasafisha koo. "Shemsa binti Zahor. Nimekurejea."

Kulthum aliangua kicheko. "Tazama huyu! Kafungiwa milango ya kule, kaja kuigizia huku!"

Hakuna mwengine aliyecheka.

"Hapa hakuna Amiri Radi," alisema Zahran. "Nimesema kwa jina langu na kwa jina lake. Talaka nilimpa moja. Yumo edani. Nimemrejea, na hawa ni mashahidi wangu."

"Yumo edani!" Kulthum alilifungua pazia lote. "Mwenye eda hukaa nyumba ya mumewe. Begi lake nani alilitupa barazani? Si wewe, kwa mikono yako?"

"Ndiyo maana namrejesha ndani. Ashike adabu. Na kompyuta hataiona tena."

"Bwana Abdulhakim, sema kitu!" Kulthum alimgeukia. "Mwambie ni upuuzi!"

Abdulhakim alikuwa ameweka galoni chini. Uso wake haukuwa tena wa mtu anayecheza usheikh.

"Si upuuzi," alisema. "Kurejea hakuna kumuuliza mke. Atake, asitake. Hata mtu akilisema neno hilo kwa masihara, limepita."

"Bila kuulizwa?" Ilikuwa sauti ya Shemsa.

"Bila kuulizwa, mwanangu."

Kiti cha Shemsa kilianguka. Hakukiokota. Huyu ndiye mwanamke aliyewafunga mdomo wawili hao kwa suali moja na mahari moja, na mwanamume aliyeshindwa kuutwaa mji wa maneno alikuwa amemtwaa mwenyewe kwa neno moja tu, jepesi, wala halikumtoa jasho.

"Na kama eda imekwisha?" Mcha aliuliza. Wote wakamtazama. Mcha akaona haya. "Mie nauliza tu."

"Ikiwa imekwisha," Abdulhakim alisema polepole, "Zahran hana chake. Itabidi apose upya kama mtu mwengine yeyote, na Shemsa atamke."

"Haijesha," alisema Zahran. "Nimehesabu siku."

"Siku zako hazina kazi. Eda yake ni ya tohara, kutoka hedhi hadi hedhi, na mambo hayo yako mwilini mwake. Neno linalokubaliwa ni lake yeye, na kiapo akitakiwa. Si lako wewe. Wala si langu."

"Basi na aape!" Zahran alisema, na bado anatabasamu. "Namjua. Shemsa hawezi kusema uongo. Mletee msahafu."

Abdulhakim aliomba maji, akakosha mikono yenye petroli mpaka viganja vikawa vyekundu. Akauteremsha msahafu kutoka rafu ya juu kabisa. Vijana wote walisimama, hata Talal. Kwenye vioo London ilikuwa inapiga kelele za maandishi: "Kimetokea nini huko? Jamani semeni! Shemsa!" Hakuna aliyekuwa akisoma.

"Weka mkono, mwanangu," alisema Abdulhakim. "Eda yako imekwisha, au haijesha?"

Mtu mmoja tu duniani alikuwa anajua, wasomaji wangu, na mtu huyo ni Shemsa. Na alichokuwa anakijua ni kwamba haijesha. Zimebaki siku chache.

Akisema kweli, magharibi ya leo itamkuta nyumbani kwa Zahran. Akisema uongo, yuko huru, na uongo wenyewe kausemea juu ya msahafu.

"Jibu, Shemsa," Zahran alisema kwa upole wa kutapisha. "Si ulikuwa unataka neno lako lisikilizwe? Haya, tunasikiliza."

Shemsa aliweka mkono. Akamtazama usoni.

"Wallahi," alisema, na kiapo kizima, wasomaji wangu, mtakisikia wiki ijayo.